Mwaka Niliopima Tumbo

Kakuma bado wanacheka mwaka ule niliopima tumbo langu. Wacheke. Lakini wanasimulia vibaya, wanaongeza yao, na mimi nimechoka kusikia mambo yangu yakitoka mdomoni mwa watu wengine. Darasani nilikaa miezi minane tu. Anayetaka Kiswahili cha kupendeza aende kwa mwalimu. Anayetaka ukweli akae hapa.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nimefika sitini, au nimepita, maana hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa. Kazi yangu ilikuwa kununua ngozi. Mbuzi wa baba walikwisha kwa kiangazi nikiwa kijana, lakini sikwenda kukaa mlangoni kwa mtu. Nilianza kwa kubeba ngozi za wengine kichwani, nikaishia na stoo yangu mwenyewe ya mabati, na lori za Lodwar zikawa zinasimama kwangu. Hakuna aliyenipa. Nilitoa jasho.

Halafu kaka yangu mkubwa akafa. Tumbo lilimvimba mpaka akawa anatembea ameegemea nyuma kama mama mjamzito. Sisi Waturkana tunaujua ugonjwa huo. Mifuko ya maji inamea ndani ya mtu polepole, miaka na miaka, na watu wa hospitali wanasema unatoka kwa mbwa. Nikajiuliza. Kwetu mtoto mchanga akijichafua, mbwa ndiye anayemlamba akawa safi. Mbwa wa boma letu walimlamba kaka, wakanilamba na mimi. Yeye amekufa hivyo. Mimi nangoja nini?

Tangu mazishi mkono wangu ukawa hautoki tumboni. Nabonyeza kulia, nabonyeza kushoto. Nikipata kitu kigumu, jasho linanitoka. Nikikosa, nasema kimejificha. Mwishowe nikakata ukanda kwenye ngozi ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi ile, nikajifunga kwenye kitovu, nikatia alama kwa kisu pale ncha moja ilipofikia juu ya nyingine. Nikautundika kwenye msumari, ukutani pa mabati. Kila nikiamka, kabla ya chai, napima.

Baada ya siku chache ncha haikufika tena kwenye alama. Ilipungua kidole kimoja. Baadaye viwili. Mwezi ulipokwisha, vinne.

Dresa wa zahanati alinichoka. Nikaenda Lopur kwa mzee anayesoma matumbo ya mbuzi. Akachinja, akayatandaza, akayaangalia kwa muda mrefu.

“Naona njia ya mvua,” akasema. “Naona ng’ombe wa mtu wamepotea. Ugonjwa wako siuoni.”

“Macho yako yamezeeka,” nikamwambia.

“Na wewe je, umezaliwa jana? Kaa, tule nyama.”

Sikula. Nyama ingekuza kile kitu. Nyumbani mke wangu aliniwekea ugali na maziwa, nikasukuma.

“Baba watoto, unakonda,” akasema. “Tumbo linakua wapi kwa mtu anayekonda?”

“Ndivyo linavyofanya. Linakula mwili wote linabaki lenyewe.”

“Basi lizikwe lenyewe, sisi tubaki na wewe.”

Kinywa chake hakikuwahi kunihurumia. Ndiyo maana nilimwoa.

Nikaamua kwenda Lodwar nipasuliwe. Na kwa kuwa nilijua sitarudi, niliita wazee, na mbele yao nikampa mtoto mkubwa wa kaka ufunguo wa stoo. Mtu mzima huyo, ana wake wawili, na hajawahi kubeba ngozi hata moja. Tulikubaliana: nikifa, au zikipita wiki mbili sijaonekana, stoo ni yake. Kazi ya maisha yangu nikaiweka kwenye kiganja laini kama cha padri. Hilo ndilo ninaloona aibu mpaka leo. Kuogopa hakunipi aibu.

Nilisafiri juu ya lori, nimekalia ngozi zangu mwenyewe. Hospitalini daktari akanilaza, akabonyeza.

“Mzee, hakuna kitu.”

“Bonyeza tena.”

Akabonyeza. Nikamwambia mara ya tatu. Akavua miwani. “Mzee, unataka nikupasue nitafute nini?”

Hapo nikatoa ushahidi wangu mfukoni. Nikamwonyesha ukanda, nikamwonyesha alama, nikajifunga mbele yake. Vidole vinne! Daktari alikuwa mtu wa kusini, wa kwenye mashamba, mambo ya ngozi hayajui. Akaushika ukanda akiugeuzageuza. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi alikaa bibi mmoja wa Lorugum, anangoja dawa ya macho.

“Wewe mzee,” akaita, “huo ukanda ulikatwa ngozi ikiwa mbichi?”

“Mbichi, ndiyo.”

“Ukautundika wapi?”

“Kwenye mabati.”

“Haukuwambwa?”

Niliuchukua ukanda mikononi mwa daktari. Nilikuwa nimeanza kuelewa.

“Si ni wewe uliyenirudishia ngozi zangu mbili?” Sasa alikuwa anaongea na benchi zima. “Alinifukuza huyu! Akasema, mama, ngozi isiyowambwa kwa vigingi ikikauka inajikunja, inafupika, inakuwa ya mtoto, nenda nayo. Leo yake imefupika, anasema tumbo limekua!”

Walicheka mpaka mwenye kikohozi akashindwa kupumua. Daktari alicheka pia, halafu akajizuia.

“Mzee, tumbo lako ni zima,” akasema. “Lakini hofu yako nayo ni ugonjwa. Usiidharau. Rudi tuongee.”

Nilimjibu vibaya, nikatoka. Leo namwambia hapa: ulisema kweli, daktari. Maana ukweli wa ukanda haukuniponya. Hata sikuwa nimefika Kanamkemer, hapo pembeni mwa mji tu, hofu ikahama tumboni ikapanda kifuani. Moyo unaruka. Nikasimama barabarani nikiuhesabu kama mjinga. Hofu haina haja ya ukanda. Ukiinyima mahali pamoja inapata pengine.

Sikurudi kwa daktari siku ile wala kesho yake. Nilikaa kwa rafiki siku tatu, nahesabu moyo. Siku ya nne nikakumbuka kiganja kile laini, nikapanda lori.

Kakuma nilikuta stoo iko wazi. Mtoto wa kaka amekaa mlangoni kwenye kigoda changu, na ngozi mpya zimerundikwa ndani bila kuwambwa.

“Baba mdogo!” Akaruka. “Ejok, salama? Umepona?”

“Sijapona. Lete ufunguo, kesho naenda Lopur kuchukua ngozi.”

“Lakini ulisema unakufa. Wazee walisikia.”

“Nitakufa. Nimekwambia ni leo?”

“Na ukizidiwa njiani huko Lopur, peke yako?”

“Watanizika Lopur. Lete.”

Akaleta. Mke wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa njia na mtungi wa maji, hasemi neno, na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Kesho yake niliamka, nikanywa chai, nikaelekea Lopur kwa miguu kuchukua ngozi. Katikati ya mchanga uchungu ukanishika hapa, chini ya titi. Nilitaka kukaa. Mkono ukaanza kupanda kifuani kuhesabu. Nikaushusha, nikauambia ule uchungu kwa sauti, hapakuwa na mtu ila mbuzi: “Kama unakuja na mimi, njoo. Lakini tukirudi, utabeba ngozi.”

Nikatembea. Ukatembea na mimi mpaka Lopur. Kule nilinunua ngozi tisa, nzuri, zimewambwa, nikazibeba zote mwenyewe.