Lilian alivyofifia kwenye dirisha la nne

Saa mbili kasoro asubuhi, mvua ya Tukuyu haijaamua kama inaanza au inamalizika. Asajile Mwakibete anafungua chumba chake cha kupigia chapa nyuma ya stendi, anapangusa miguu kwenye gunia, kisha anaivua kompyuta kitambaa chake taratibu, pembe moja kwanza, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Mashine inanguruma. Kwenye kioo yanatokea madirisha manne meusi. Asajile, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, anaandika neno moja, anabonyeza, na ndani ya madirisha matatu inajitokeza picha hafifu nyuma ya maandishi meupe: Mlima Rungwe, ziwa la Masoko, mkungu wa ndizi.

Dirisha la nne linabaki jeusi.

"Hilo siliwekei kitu," ananiambia kabla sijamwuliza.

Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha chai. Miaka mitano iliyopita, mwaka 1998, kiwanda kikapata mwenye mali mpya. "Wakasema watu ni wengi kuliko kazi. Sisi wa kalamu ndio tulitangulia nje," anasimulia.

Kiinua mgongo chake alikinunulia kompyuta kuukuu ya mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Ndani yake mlikuwa na mfumo wa bure, usio na mapambo: unaandika amri kwenye dirisha jeusi, nao unatii. Alipewa pia vitabu viwili vya Kiingereza. Alivisoma na kamusi pembeni, miaka miwili.

Ukurasa mmoja anapiga kwa shilingi mia tatu. Siku njema anapata elfu nne. Siku ya mvua kubwa, anasema, "unabaki kujipigia barua mwenyewe."

Picha za nyuma ya maandishi alizianza kwa sababu ya aibu.

"Nilitoa kadi za harusi, chini yake nikaacha ratiba ya mazishi ya mtu mwingine," anasema, kiganja usoni. "Bwana harusi akaja hapa. Akaniuliza, 'Asajile, sasa mimi kaburini nashushwa saa nane au saa tisa?'"

Tangu hapo kila kazi ikapata dirisha lake. Barua za ofisini ni mlima, kazi za kanisa ni ziwa, kikundi cha wakulima ni ndizi. Aliandika maagizo ya mistari michache: kompyuta ichukue picha, iipunguze mwanga kidogo ili herufi zisomeke, iilainishe, iitandaze nyuma. Kila asubuhi neno moja tu linatosha kuyaamsha yote.

"Huyo ni fundi wa madirisha yasiyo na nondo!" anapaza sauti Ambindwile, fundi cherehani wa mlango wa pili. "Mwulizeni, mwizi akija anapitia lipi?"

"Wewe shona suruali, kaka. Ile ya juzi mguu mmoja umefika Mbeya, mwingine bado uko Kiwira."

Wanacheka. Kisha macho ya Asajile yanarudi kwenye dirisha la nne, na kicheko kinamwisha.

Februari mwaka huu alikuja Esnath, mjane wa Kisondela, na picha aliyoibana katikati ya kitabu cha nyimbo. Ilikuwa picha pekee aliyokuwa nayo ya binti yake, Lilian, aliyefariki mwaka jana akiwa na miaka kumi na tisa. Esnath alitaka kaburi likishajengewa, picha hiyo ikakuzwe Mbeya, kisha iwekwe chini ya kioo kwenye msalaba wa simenti.

"Nilimwambia, mwanangu, mhifadhi humo ndani. Kwangu paa linavuja," anasema Esnath, ambaye siku ya soko haachi kupita hapa.

Asajile aliiingiza picha kwenye kompyuta, akamrudishia karatasi yake. Aprili maji yaliingia sandukuni. Karatasi ikagandana na kitabu, na Esnath alipojaribu kuibandua, uso wote ulibaki kwenye wimbo. Hata hivyo hakulia. "Nilijua Lilian yuko kwa Asajile."

Kweli alikuwepo. Tena Asajile alimwonea huruma kukaa gizani ndani ya mashine. Akamweka nyuma ya dirisha la nne, analoandikia barua za watu wasiojua kuandika. "Nikasema awe anaona watu."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Maagizo yake yalipopunguza mwanga, yalihifadhi matokeo juu ya picha ileile. Kesho yake yalianzia pale yalipoishia jana. Mlima na ziwa vilisalimika kwa kuwa alivibadilisha kila wiki. Lilian hakumbadilisha hata siku moja, kwa heshima. Na kwa sababu nafasi kwenye mashine ni ndogo, hakuwa na nakala ya pili.

Kiza kilikuja kidogokidogo, asubuhi baada ya asubuhi, kwa miezi sita.

"Nilikuwa nazungusha kitufe cha kuongeza mwanga. Nikasema kioo kimezeeka," anasema. "Kila nikifika namsalimia, 'Ugonile, Lilian.' Kumbe anaondoka mbele ya macho yangu."

Agosti fundi mwashi alimaliza kazi. Esnath akaja kuifuata picha. Asajile aliifungua peke yake, bila maandishi, ikajaa kioo kizima. Kilichoonekana ni hereni moja na weupe kidogo wa meno.

"Nikamwuliza, 'Mwanangu, umeme umekatika?'" anakumbuka Esnath. "Akaanza kubonyezabonyeza. Ndipo nikajua."

Siku ile Asajile alijaribu kuurudisha mwanga. Palitokea madoa ya kijivu, kama majivu yaliyomwagiwa maji. Esnath alikaa kwenye benchi mpaka mvua ilipokatika, akaondoka.

"Afadhali angenitukana," anasema Asajile.

Maagizo ameshayarekebisha. Sasa kompyuta inatoa nakala kwanza, halafu inafifisha ile nakala. Anaonyesha sehemu aliyoongeza kwa ncha ya kalamu. "Mistari miwili, dada. Miwili tu. Ningeiandika Februari, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Lakini Lilian alipata kipaimara Kawetele na wenzake kumi na wanne, na mpiga picha wa kupita aliwapiga wote kwa pamoja. Mpiga picha hajulikani alikohamia. Kwa hiyo kila Jumamosi Asajile anafunga chumba na kwenda kwa miguu, nyumba moja baada ya nyingine, kuwatafuta wasichana wale. Amekwishafika kwa tisa. Wengine hawakuinunua. Moja imeliwa na panya. Nyingine imechanwa nusu, na nusu ya Lilian haipo.

"Umefika kwa nani?" Esnath anamwuliza leo, akitua kikapu cha ndizi mlangoni.

"Jumamosi naenda Masoko, mama. Kwa Atupakisye, yule aliyeolewa huko. Mama yake anasema hajawahi kutupa hata tiketi ya basi."

"Mwambie mama Lilian anamsalimu."

"Nitamwambia."

Je, amemsamehe? Esnath anakung'uta maji kwenye kanga yake na kufikiri. "Sijui kama nimemsamehe," anasema. "Lakini viatu vyake naviona vilivyoisha."

Kule Kisondela msalaba umesimama. Fundi ameacha shimo la mraba kwenye simenti, la ukubwa wa kiganja. Mvua ikinyesha linajaa maji, na Esnath huenda kulikausha kwa ncha ya kanga.

Asajile alikwenda kulipima. Alikata kipande cha boksi cha ukubwa uleule, na hutembea nacho kwenye mfuko wa shati. Anakitoa, anakilaza juu ya meza, anakinyoosha pembe.

"Kwenye picha ya watu kumi na watano atakuwa mdogo sana, uso kama punje ya hindi," anasema. "Nitamkuza polepole mpaka aenee hapa. Nakala nitatoa tatu, moja nimkabidhi mama yake mkononi. Lakini nyuma ya maandishi simrudishi tena."

Anakirudisha kipande cha boksi mfukoni na kufunga kifungo. Mzee mmoja ameingia, anataka kuandikiwa barua kwa mwanawe aliyeko Chunya. Asajile anamvutia benchi, anafungua dirisha la nne, na kuanza kuandika juu ya weusi mtupu.