Ukungu wa Chokaa

Mohdhar alizaliwa kisiwani Kudha katika nyumba ya waunda mashua, na ukoo wake ulikuwa na ajabu moja iliyochekesha visiwa vyote: waliunda vyombo vya kila mtu, na wao wenyewe hawakuvua. Baba yake alikuwa akisema kwamba mwenye kushika tezo hana haja ya kushika mshipi, samaki watamfuata nyumbani. Kweli walimfuata, maana kila nahodha aliyeshusha chombo kipya majini alipitisha kitoweo mlangoni kwao. Mohdhar akakua anakula samaki bila kuuliza wanatoka wapi, na kutouliza huko kulikuja kumtokea puani akiwa mtu mzima.

Alichorithi kwa baba yake ni jicho. Muunda mashua hufumba jicho moja akautazama ubao kwa urefu wake, akaona kombo ambalo mkono hauwezi kuligusa. Mtoto alijifunza kutazama hivyo, kisha akaanza kuchora kwa makaa kwenye mabaki ya mbao. Akasoma Kismayu, akaendelea hadi chuo cha ualimu Mogadishu, na huko mwalimu mmoja akamfundisha kuchora mandhari, yaani nchi yenyewe, miti yake na mawe yake na umbali wake. Somo alilipenda. Picha zilizotundikwa ukutani zilimkera, kwa sababu zote zilikuwa za milima yenye theluji na misonobari. Mtoto anayeonyeshwa uzuri wa nchi za wengine tu hufundishwa, bila kuambiwa, kwamba kwao hakuna cha kutazamwa. Mohdhar aliiona hiyo kuwa ni dhuluma, na aliisema bwenini kwa sauti kubwa mpaka wenzake wakambandika jina la Bwana Mandhari. Walipomaliza masomo, wenzake waliomba miji. Yeye akaomba visiwa.

Wakampeleka Chovai. Ilikuwa miaka ya sabini, shule zimeanza karibuni kusomesha Kisomali kwa herufi mpya, na walimu walikuwa wachache kama mvua ya kaskazi. Mohdhar alifundisha kila alichopewa, na mara moja kwa wiki alipewa saa ya kuchora. Saa hiyo alisema Kibajuni na watoto, na hakuna aliyemkataza.

Rangi za dukani hazikuwapo, basi wakazitengeneza. Bahari na mbingu zilitoka kwenye bluu ya kufulia, mchanga ukatoka kwenye manjano ya jikoni, mizizi ya mikoko kwenye hina, weusi kwenye makaa, weupe kwenye chokaa. Gundi waliibandua kwenye migunga. Brashi zilikuwa miswaki iliyotafunwa ncha, na karatasi zilikuwa maboksi yaliyopasuliwa. Mtoto mmoja aliona busara kuchanganya rangi yake na sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua, na darasa zima likahamia nje kwa uvundo.

Mwalimu alikata dirisha dogo katika kipande cha boksi, akawaambia wakitazame kijiji kupitia hapo na wachore kile tu kilichoingia. Akawafundisha kwamba cha mbali huwa kidogo, kwamba cha mbele hukiziba cha nyuma, na kwamba vitu vya mbali hupauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Lile la kwanza lilizua ugomvi. Nasrudin, mtoto wa mama mjane, alikataa katakata kuichora nyumba yao ndogo kuliko banda la kuku la jirani, eti kwa sababu banda liko karibu. Mohdhar akamwambia afumbe jicho moja apime kwa kidole. Akapima, akaona nyumba yao haifiki hata ukucha.

"Basi jicho halina adabu," alisema Nasrudin, akaketi.

Wenzake wakamcheka, wakamwambia kama hataki nyumba ndogo aifuate huko huko. Akachukua boksi lake, akaenda kuketi mbele ya mlango wa mama yake, na nyumba ikajaa picha nzima. Mohdhar akampa alama za juu, maana mtoto alikuwa amelielewa somo kuliko wote.

Mkuu wa shule, Husseini, alikuwa mtu wa Kismayu, mwenye haki na mwenye haraka. Alimwambia Mohdhar wazi kwamba saa ya kuchora inakula saa ya hesabu. Mwisho wa mwaka Kismayu kungekuwa na maonyesho ya shule za mkoa. Picha ya Chovai ikipata kutundikwa pale, saa ibaki. Isipopata, saa inarudi kwenye hesabu. Mohdhar akakubali. Tangu siku hiyo kila boksi aliloligawa aliligawa kama mtu anayepanda mbegu ya mwisho.

Picha aliyoitafuta ilitoka kwa Mashavu, binti wa Nahodha Badi, msichana mkimya mwenye mkono wenye subira. Mwalimu alikuwa amewaambia wachore mahali wanapopaona hata wakifumba macho. Mashavu akakumbuka safari ya kwenda harusini Kudha, chomboni wamo wao tu wa nyumba moja, na baba yake akasimama njiani kuvua kidogo ili wasiende mikono mitupu. Aliunga maboksi mawili ili picha ipate upana, akachora nchi kavu kama alivyoiona akiwa amekaa pale majini.

Mbele kulikuwa na maji, bluu ikikolea kadiri yanavyosogea karibu. Upande wa kulia ulikuwapo ufuo, na juu yake mkoma mmoja, mti wa jamii ya mnazi, wenye panda. Katikati ya panda ile, kwa mbali, ilisimama nguzo nyeupe ya kaburi la kale, wima, kama ulimi kati ya midomo miwili. Kushoto, ncha ya kisiwa kidogo cha mawe iligusa mguu wa kilima cha mchanga cha bara, iligusa tu, haikuuziba. Mohdhar aliitazama muda mrefu. Kila kitu cha mbele kilikiziba cha nyuma pale hasa kilipostahili. Akamwambia Mashavu asiiguse tena, na kwamba hiyo ndiyo itakayokwenda Kismayu.

Ijumaa baada ya sala wazazi walialikwa kuja kuona kazi za watoto wao. Picha ya Mashavu ilitundikwa ikitazamana na mlango. Shangazi yake, Bi Mwanamwema, aliingia akicheka na kusifu kila kitu, hata banda la kuku. Alipofika mbele ya picha ya mtoto wao kicheko kikakatika. Akavua leso ya begani akaifunika picha yote, kama afunikaye maiti.

Mohdhar alidhani ameyajua maneno yanayofuata, kwa kuwa alikuwa amejiandaa nayo tangu chuoni. Akaanza kueleza kwa adabu kwamba alikwisha kumuuliza khatibu, kwamba hakuna kiumbe mwenye roho katika picha hizi, ni miti na mawe tu, na miti na mawe havina makatazo. Bi Mwanamwema akamwacha mpaka akamaliza.

"Dini naijua, mwanangu," alisema. "Ondoa picha."

Karibu na dirisha alikuwapo Nahodha Sheikhan wa mtaa wa juu, ambaye alikuwa ameanza kuinamisha kichwa upande mmoja. Akasema kwa utani, "Bi Mwanamwema, tuache na sisi tufaidi."

"Nenda kafaidi kwenu," alimjibu, na mkono wake haukuondoka juu ya leso mpaka picha iliposhushwa.

Alasiri Nahodha Badi mwenyewe akaja nyumbani kwa mwalimu. Hakupaza sauti. Alieleza jambo ambalo katika kisiwa kile halielezwi nchi kavu. Mwamba wenye samaki hauonekani juu ya maji, na hakuna kijiti kilichochomekwa kuuonyesha. Mvuvi huutafuta kwa alama: kitu hiki kikae nyuma ya kile, na upande wa pili kile kigusane na hiki. Alama zote mbili zikikubaliana, unatia nanga. Mwamba huu aliupata babu yake, akamwonyesha mwanawe akiwa chomboni, na hakupata kuutaja hata mbele ya mkewe. Miaka samaki walipoadimika, ndio uliowalisha. Kila nyumba ina wake, na kila nyumba hufunga mdomo.

Mohdhar alikuwa amesikia habari za alama tangu utotoni, kama mtu anavyosikia maradhi ya jirani. Hakupata kufikiri kwamba ni picha.

"Mimi sijui kuchora," alisema Badi kwa Kibajuni. "Lakini mchu yeyote mwenye chombo akiitazama ile, kesho yuko juu ya mwamba wangu. Na huko Kismayu wamejaa wenye vyombo."

Mohdhar akamjibu kwa lile aliloliamini: bahari ni ya Mungu, haina ua wala mlango, na haifai kazi ya mtoto ifichwe kwa sababu ya samaki.

"Bahari haina mwenyewe, Mwalimu. Ndiyo maana tunaficha."

Kisha akasema jambo ambalo Mohdhar hakulitarajia. Hakuja kuichana. Picha ni nzuri, ameitazama mpaka akahisi upepo wa mahali pale, na ni kazi ya mwanawe. Mwalimu ndiye mwenye shule, afanye aonavyo. Akavaa viatu akaenda zake.

Mohdhar alitamani Badi angegomba. Na Husseini hakumsaidia. Chombo cha Kismayu kinaondoka kesho, alisema, na picha nyingine zote ni za kubandika jikoni. Kama ile haiendi, asije kumuuliza tena habari ya saa ya kuchora.

Akamwita Mashavu. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu. Ulimi wa shangazi ulikuwa umempitia. Mohdhar akamweleza kwamba mchoraji ana ruhusa ya kupanga. Nguzo ile ya kaburi ingesogezwa kidogo kulia, mambo yote yangekwisha. Mashavu akamtazama kama aliyeambiwa ale mchana wa Ramadhani.

"Kaburi halihamishwi, Mwalimu."

Basi mkoma, alisema Mohdhar.

"Mkoma ukihama si pale tena. Nitakuwa nimechora urongo."

Neno hilo lilikuwa la Mohdhar mwenyewe: chora ulichokiona. Kisha Mashavu akauliza, siku ya mvua je? Mvua ikishuka kutoka bara, alisema, baba hugeuza chombo akarudi, maana alama hazionekani. Hiyo nayo ameiona kwa macho yake.

Akakoroga chokaa na bluu kidogo sana, akatafuna mswaki mpya, akaanza juu. Kilima cha mchanga kilipauka kwanza, halafu mguu wake, halafu ncha ya kisiwa cha mawe. Mwisho akaipitia nguzo ya kaburi, mara moja, na mara ya pili, mpaka panda ya mkoma ikabaki tupu. Mohdhar alikuwa akiona kazi bora kuliko zote alizopata kuzisimamia ikizama mbele yake, na hakuunyosha mkono kumzuia. Kushoto chokaa ilizidi, ikaganda kama ukuta. Alimwambia aiache hivyo, ikauke.

Kismayu picha haikutundikwa. Walioichagua walisema kazi haijamalizwa, na nafasi ikapewa bandari yenye bendera nyingi. Saa ya kuchora ikarudi kwenye hesabu. Husseini alimpa habari hiyo kwa upole, na upole ule ulimuuma zaidi.

Mohdhar alikasirika wiki kadhaa. Halafu akatangaza kwamba baada ya alasiri atafundisha barazani kwake, anayetaka aje. Alimtazamia Nasrudin peke yake. Nasrudin alikuja, na Mashavu akaja, na nyuma yao wakaja watoto wa mtaa mzima, hata wana wa Sheikhan. Nahodha Badi alileta tanga kuukuu, akalitupa barazani, akasema maboksi yanaoza na hili limekwisha kazi ya upepo, walikate wachorie. Hapo mwalimu akaweka sharti moja: anayetaka kuchora nchi aionavyo kutoka majini akaulize kwao kwanza asimame wapi. Watoto walipeleka swali nyumbani. Baba wengine waliwaonyesha mahali, wengine walikataa, na mmoja alimwambia mwanawe achore akiipa nchi kavu mgongo.

Baraza ile ilidumu miaka mingi, mpaka Mohdhar alipohamishiwa Kismayu. Mashavu naye alikuwa ameolewa huko, na picha ya maboksi mawili ilikuwa ukutani kwake. Mwalimu alipokwenda kumtembelea, Idi ikiwa karibu, alimkuta juu ya kigoda, nyumba inapakwa chokaa, na ndoo ya chokaa mkononi. Ukungu ule ulikuwa ukibanduka, alieleza, na kila mwaka kichwa cha nguzo huanza kuchungulia. Baba haendi tena baharini, lakini ndugu zake Mashavu wangali wanavua pale. Basi kila wanapopaka kuta yeye hubakiza kidogo kwa ajili ya picha.

Mohdhar akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja.

"Kushoto unazidisha," alisema. "Tangu zamani."

"Kushoto ndiko kunakosema sana, Mwalimu," akajibu Mashavu, akachovya tena, akaongeza.