Siku Niliyong'oa Kijiti cha Paa

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Ila yaliyotokea nayakumbuka sawasawa, na hasira yake bado ninayo.

Hapa kwetu Mbita waliniita mtoto wa nyaya. Nilifungua redio mbovu za watu, nikazifunga tena zikasema, na hakuna aliyenishukuru. Walisema siongei na watu kwa sababu naongea na vyuma. Kisha mhandisi mmoja wa barabara, alipokuwa akirudi kwao, akaniachia kamera yake ndogo ya sinema, ya kutiwa ufunguo kama saa, pamoja na filamu moja. Moja tu. Nilifikiri kwa muda mrefu nipige nini, mwishowe nikaamua: baba akirudi asubuhi na mashua kutoka kuvua.

Mahali pazuri palikuwa juu ya paa la nyumba ya mama, maana ziwa lote linaonekana. Lakini pale kileleni husimama osuri, kijiti kinachoonyesha kwamba mwenye boma yu hai. Huondolewa akifa. Kilikuwa katikati ya picha yangu. Nikaking'oa, nikakitupa chini, nikaanza kupiga.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa akipita. Huyu ni mzee wa kanisa. Kila Sabato hutuambia mila ni giza. Alipokiona kile kijiti chini hakuuliza neno. Alipiga yowe. Mama akatoka akiamini mashua imezama, akajitupa chini, na majirani wakaja wakilia. Mimi niko juu, nasema baba yule anakuja, na sauti yangu haimfikii yeyote.

Baba akapanda kutoka ufukweni, kasia begani.

"Nani amekufa?"

"Ni wewe," jirani akamjibu, kisha akashika mdomo.

Baba mkubwa akanivuta mguu hadi nikashuka. "Mtoto wako amekuzika mapema. Anataka boma."

"Nilikuwa napiga picha," nikasema.

"Sema kwa nguvu. Redio unaziwezesha kusema, wewe mwenyewe huna mdomo?"

Akaninyang'anya kamera, akatoa kisu. Nikamwambia mwanga unaua filamu.

"Basi ife."

Akabandua kifuniko. Filamu ikamwagika juani kama utumbo wa kuku. Watu wakacheka, wale wale waliokuwa wakilia. Sijamsamehe. Kila Sabato akinipa mkono naupokea bila kumtazama.

Jioni, kijiti kikiwa kimesharudishwa, baba alikuja nilipokaa.

"Nilionekana humo?"

"Ulionekana, baba. Ukipiga kasia."

"Tafuta mtu wa kuisafisha. Nataka huyo ndugu yangu anione nikija, wakati yeye ananililia."

Niliikunja filamu katika kitambaa cheusi. Mizunguko ya ndani haikumwagika yote, labda jua halikuifikia. Baba huniuliza mara kwa mara, nami humjibu bado.

Wewe unayesoma, kama unapenda vyombo hivi, niandikie uniambie kama kuna kinachobaki na inasafishwa wapi. Na kama unajua imekufa yote, niandikie vilevile, unisaidie namna ya kumwambia.