Mbele ya Wakati

Ku Tchomia kote, kule ku ziwa, Alexis anakuambia, hakuna mutu alijua kufunga nyavu kama yeye. Samaki wenyewe walikuwa wanapanga mustari juu ya kuingia. Masomo aliacha ku troisième primaire, darasa ya tatu, "juu nilikuwa nachokesha mwalimu na akili." Vita ikamutupa Bunia. Sasa bunduki zimenyamaza kidogo, lakini barabara ya Bogoro, ile inashuka ku ziwa, leo inafunguka, kesho inafungwa. Muke wake Adèle alisharudia ku ziwa. Kila akipiga telefone: "Unakuya?" Naye Alexis: "Barabara itulie mbele, kisha nakuya."

Siku moja Prudence, mutoto ya dada yake, ule anasoma fizike, alimukuta iko nafunga nyavu ku mulango.

"Noko, wakubwa ya fizike wako najiuliza kama chini kabisa ya vitu hakuna fasi wala mahali, hakuna wakati. Kuko tu vitu kidogo-kidogo vinashikana. Mbali na karibu, jana na kesho, vinazaliwa mule mu kushikana."

Alexis akacheka mupaka sindano ikaanguka. "Ndiyo wanavumbua leo? Angalia: macho ya nyavu nilinunua wapi? Nafunga fundo, jicho inakuya yenyewe. Waambie wanitumie diplome!"

"Sawa, noko. Lakini ile fundo unaifungia wapi, kama fasi haiyazaliwa?"

Alexis akainama, akaokota sindano.

"Na mbele ya wakati kuanza, kulikuwa nini?"

"Mbele ya... Ee, weye mutoto! 'Mbele' si ni wakati tayari?"

"Apo ndipo hata wao wanakwama."

"Basi tuko classe moja," akajisifu.

Lakini Prudence alipoenda, kicheko ilimuishia. Rezo ya telefone ikishika, kikohozi ya Adèle na bata zake zinaingia mu sikio. Tchomia inakuwa karibu kupita jikoni. Rezo ikikatika, Tchomia inakimbia, na Bogoro haiyasogea hata kidogo. Mbali haikukaa mu barabara. Ilikaa mu ile fundo ya yeye na muke wake, ile alikuwa analegeza kila akisema "mbele."

Akamupigia Adèle.

"Nakuya."

"Barabara imetulia?"

"Haiyatulia."

"Alexis, usinichezee."

"Narudia mbele, mama."

"Mbele gani? Ya kwenda, ao ile ya zamani, mbele ya vita?"

"Kwetu ziko mbili? Zote ziko ku ziwa."

Adèle akaanza kucheka, rezo ikakatika mule mu kicheko.

Hakungoja irudi. Akakunja nyavu vile ilikuwa, nusu, akaifunga ku pikipiki juu ya safari. Ile nusu ingine inaomba mutu wa kushika upande wa pili.