Likizo ya Mke Wangu Kijijini

Nyumba yetu ya zamani iko mbele ya Segese, ukiacha barabara ya magari ya mgodi na kufuata njia ya ng'ombe. Umeme haujafika. Tulipohamia mjini, Nyasubi, tuliifunga, lakini tangu nistaafu tunakwenda huko kila kiangazi, baada ya mavuno, mimi na mke wangu. Watoto wetu huiita likizo ya wazee. Nilikuwa nikiwasimulia kwa furaha: hakuna friji inayonguruma, hakuna televisheni, tunapikia kuni, tunalala mapema, na asubuhi tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ikiwa imeungwa kwa karanga. Nilisema mwili wote unapona. Mke wangu sikuwahi kumsikia akisema hivyo, wala sikumuuliza.

Mwaka jana, siku ya pili tu, alifunga begi lake.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Narudi mjini, baba. Nikapumzike."

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alikuwa ametoka mtoni, ambako kiangazi watu hufukua mchanga na kungoja maji yajikusanye, na khanga yake ilikuwa imelowa mabegani.

"Kule nina bomba na jiko la gesi," akasema. "Hapa nakuja kufanya kazi niliyoifanya ujana wangu wote. Aliye likizo ni wewe."

Miaka niliyokuwa nachimba dhahabu upande wa Bulyanhulu, nilikuwa nikifika kwenye nyumba hii nimechoka, nakaa kwenye kiti, maji ya kuoga yanaletwa yakiwa ya moto. Yalikotoka sikuwahi kufikiria. Nilizeeka na tabia ile ile, nikaiita kupenda maisha ya asili.

"Kaa kesho tu," nikamwomba. "Usishike kitu."

"Utakula nini?"

"Nitapika."

Alinitazama kama mtu anayeonyeshwa ng'ombe mgonjwa mnadani. "Haya. Kesho kutwa nitaamua."

Alfajiri nilifunga madumu kwenye baiskeli. Mtoni akina mama walinipisha kwa adabu, mpaka jirani yetu, ambaye humwita mke wangu dada, aliposhindwa kujizuia.

"Mwangaluka, shemeji," akanisalimu. "Dada amekuwekea nini kwenye mboga?"

"Limbwata."

"Basi nielekeze kwa mganga. Wangu hata huu mto haujui uliko."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, huku nikichota kwa kata na kumwaga nusu nje ya dumu.

Jikoni mke wangu alikaa kwenye kigoda. Mikono yake haikujua pa kutulia. Kila moto ulipofifia aliinuka, nami nikamkalisha. Nikabandika sufuria kwenye mafiga.

"Umeipaka?"

"Kuipaka nini?"

"Majivu na maji, kwa nje. La sivyo utasugua masizi mpaka jioni."

Ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi. "Nimesahau," nikasema.

"Hujasahau. Hukuwahi kujua."

Alilisema taratibu, bila ubaya wowote, na liliniuma kuliko moshi. Ugali ulitoka na madonge. Aliyachambua moja moja, akayapanga pembeni mwa sahani. "Hili kubwa tumpelekee mjukuu achezee," akasema. Lakini alikula, akaongeza. Baadaye nilikaa na ile sufuria nikiisugua kwa mchanga, na kweli jioni ikanikuta hapo hapo.

Kabla giza halijaingia nilichemsha maji, nikayapooza, nikayapima kwa kiwiko kama ya mtoto, nikayapeleka kwenye bafu letu la mabua. "Mama, maji tayari."

Hakuinuka. "Si uoge, basi."

"Ni ya kwako."

Akachukua sabuni yake. Alikaa kule muda mrefu. Nilisikia maji yakimwagika polepole, kimya, kisha tena maji. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi. Alipotoka, amejifunga khanga kichwani na anatoa mvuke, niliyaona madogo. Nikampokea ndoo.

"Yalikuwa ya moto vizuri," akasema. Habari za safari hakuzigusa, nami niliogopa kuuliza.

Kwa maisha yetu yote yeye ndiye huamka kwanza. Asubuhi ile nilifumbua macho nikamkuta bado yuko kando yangu, amelala kwa ubavu, mdomo umefunguka kidogo, na jua tayari limepenya kwenye nyufa za dirisha. Nilitoka nikinyata.

Jirani alikuwa akipita na ndoo yake. "Dada leo simwoni. Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala."

Akalitazama jua, akanitazama mimi, akashusha sauti.

"Basi usimwamshe," akasema.