Majina ya Vitenge vya Mama

Kariakoo hakuna anayenunua kitenge kwa namba ya kiwandani. Kila ua lina jina lake la mtaani, na dukani kwetu aliyeyatoa majina alikuwa mama. Mzigo ukifunguliwa, anakunjua kitambaa, anakitazama, anacheka peke yake, kisha anasema hiki ni Mkwe Kaja. Wiki haiishi, mtaa mzima unakiita hivyo.

Tulipofungua duka la mtandaoni, fundi wa kompyuta alitueleza kwamba injini ya kutafutia italitambua jina mteja akiliandika, ila kuhifadhi nakala ya jina lenyewe ni hiari yetu. Rangi, bei na majora yaliyobaki vikahifadhiwa. Majina tuliyaingiza ya kutafutia tu; kuweka nakala zake, mama aliona ni kujaza nafasi bure.

"Ya nini kuyaweka?" alisema. "Mimi si nipo?"

Nani angembishia? Alikuwepo kweli.

Kisha kiharusi kikampiga, akapooza upande mmoja na ulimi ukagoma. Duka likabaki mikononi mwangu. Mzigo ulipopanda bei, nikabadilisha bei za vitenge vyote kwa mkupuo, bei tu, kingine sikugusa. Mchana simu zikaanza. Mteja wetu wa Lindi alitaka Mkwe Kaja kwa sare ya harusi, kaandika na hapati kitu. Nikaandika mwenyewe. Hakuna. Nikaandika Jirani Nuna. Hakuna.

Fundi alipanda ngazi akiwa ameshajua kilichotokea. Injini ile, alisema, haibandui kipande kimoja ikabandika kingine. Ukibadilisha bei, inachukua nakala iliyohifadhi, inaiandika rekodi nzima upya, na ya zamani inaitupa. Kisichokuwemo kwenye nakala hakirudi. Nikamuuliza kama hakuna akiba popote, hata ya zamani. Akafunga kompyuta yake taratibu. Nilitamani kumpiga, Mungu anisamehe.

Wateja walinirudishia machache, yale yaliyotajwa kila siku. Mengine alikuwa nayo mama peke yake. Nikakata kipande kutoka kila jora, nikavibeba nyumbani, nikavitandaza kitandani kwake kimoja kimoja. Nilitapatapa. Nilibuni majina, nikamwomba afumbe macho nikipatia, nikabuni mengine mpaka sauti ikanikauka.

Alivijua vyote, na hilo ndilo lililonimaliza. Hiki alikitabasamia, kile alikigeuzia uso kwa dharau yake ileile ya dukani. Tulipofikia chekundu, kilichoingia dukani mwezi aliofariki baba, alikidaka kwa mkono wake mzima. Midomo ikachezacheza, ikatoka sauti isiyokuwa neno.

"Mama, kinaitwaje?" nikauliza. "Nisaidie, mama."

Akajaribu tena. Machozi yakamtiririka hadi sikioni, na mimi nikashindwa kumfuta kwa sababu nilikuwa nimeshika simu, nakitafuta kwa rangi kwenye duka letu la mtandaoni. Kikaja papo hapo: chekundu, majora yaliyobaki, bei mpya.