Nilivyofuata Kamera Guangzhou Ili Elia Alale

Mume wangu Elia alikuwa ameacha kulala, na hilo ndilo lililonipeleka China. Tuna gari lenye vitanda na jiko ndani, tunalozungushia watalii kwenye kambi za Karatu. Tangu wezi walipovunja kioo na kuondoka na mabegi ya wageni, Elia alikuwa anakesha nje ya gari, kisha kutwa nzima anaendesha na macho mekundu. "Utakuja kusinzia kwenye usukani, baba Neema," nilimwambia. "Wakiibiwa tena tumekwisha," akanijibu. Kamera tulikuwa nayo, lakini waifai ya kambini watu wanaigombania. Ukifungua simu uone gari, kiduara kinazunguka tu mpaka unakata tamaa.

Safari ya ndege siisimulii. Miguu ilivimba viatu vikagoma kuingia, basi. Guangzhou nilipokewa na Salum, Mzanzibari anayewatembeza wanunuzi madukani na kuwasafirishia mizigo. "Pole na safari, dada." "Nishapoa, kaka," nikasema, na ulikuwa uongo mtupu.

Asubuhi tulikatiza barabara ya Guangyuan Xilu, wachukuzi wakiburuta marobota ya nguo, ukizubaa unagongwa. Joto la huko linakunata mwilini. Nilifika kwenye jengo la vifaa vya umeme nimechoka hata kabla ya kuuliza bei. Laobanniang mmoja, ndivyo wanavyomwita mama mwenye duka, alituwashia kamera ya ajabu: inageuza shingo, inamfuata mtu, picha safi hadi vifungo vya shati unavihesabu. Nikafungua mkoba. Salum akanigusa kiwiko.

"Dada, waifai ya hapa inakimbia. Ya Karatu nayo inakimbia hivi?"

Loo! Nusura nivuke bahari kununua ugonjwa uleule. Nikamwambia Salum aulize kama jengo lina maegesho chini ya ardhi, tukaijaribie huko, kwenye mtandao wa kubahatisha kama wetu. Laobanniang akacheka, akapunga mkono. "Meiyou, meiyou!" Eti hakuna kitu kama hicho. Nikakaa juu ya boksi la bidhaa zake.

"Mwambie sinyanyuki."

"Dada, utatufukuzisha wallahi!"

"Atufukuze. Mimi miguu imekwisha."

Yule mama akaitazama miguu yangu, akaguna, akaniletea kikombe cha maji ya moto. Kisha akachukua kamera na betri ya kuiwashia, akatangulia kwenye lifti ya kushuka maegesho aliyosema hayapo.

Kule chini simu yangu ilishika mtandao kwa shida, nikaiunganisha na kamera. Salum akapita mbele yake. Kwenye simu aliganda mguu mmoja juu, na hapo alishafika ukutani! Hata laobanniang alicheka mpaka akajifuta macho. Akapanda tena, akarudi na kidude kidogo kibaya, hakina hata shingo ya kugeuza. Hicho kinahifadhi video kwenye kadi iliyo ndani yake, na mtu akisogea kinakutumia picha moja tu. Salum akapita. Simu ikalia. Picha ilimwonyesha mzima mzima, anajikuna kisogo.

"Hiki!" nikapiga kelele. "Nipe hiki!"

Niliporudi nilimpelekea Elia kambini Karatu, akakigeuzageuza. "Kapicha kamoja tu, mama Neema?"

"Kamoja kanakofika."

Nilikuwa nimenunua viwili, akavifunga mbele na nyuma ya gari. Jioni hiyohiyo akatoa kiti akakaa nje kama kawaida yake. Niliumia. Nimezunguka dunia na miguu hii, na mwanaume bado ananyoosha shingo gizani! Nilirudi nyumbani Arusha nimenuna.

Nilichojifunza ni kwamba kitu cha ugenini lazima ukijaribu kwa shida za kwenu, sio kwa raha za duka. Lakini kumfanya mtu akiamini, hilo Guangzhou haiuzi.

Siku chache baadaye, mchana, simu ikalia. Wageni walikuwa wamekwenda kutembea kwa miguu. Kwenye picha mfagizi wa kambi alikuwa anapita na ndoo, na nyuma yake, kwenye kivuli cha gari, Elia amelala chali, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemvuka. Nikampigia nimtanie. Ikaita mpaka ikakatika. Simu ikalia tena: picha nyingine, mfagizi anarudi, na Elia hajageuka hata upande.

Machozi yakanitoka. Nikapandisha miguu kwenye kochi, nami nikalala.